Begi Mgongoni, Masika Kichwani

Msikilizaji wangu, kama hapo ulipo kuna kalenda ya ukutani, hebu itazame kidogo. Anzia Machi. Tafuta sikukuu. Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au ndani ya Aprili. Aprili 7 ni Siku ya Karume. Aprili 26, Muungano. Mei 1, siku ya wafanyakazi. Na Idd el Fitri, ambayo hufuata mwezi wala haiulizi hali ya hewa, miaka hii nayo imetua humo humo: mwaka 2024 tuliisali Aprili 10, mwaka 2025 Machi 31. Sasa jiulize masika ya Pwani huanza lini na kuisha lini. Machi, Aprili, Mei. Maana yake ni kwamba serikali, kanisa na mwezi mwandamo, bila kukaa kikao hata kimoja, vimetupangia mapumziko yetu marefu katikati ya mvua kubwa kuliko zote za mwaka.

Ndiyo maana leo nataka tumzungumzie kijana wa Sinza au wa Tabata ambaye Ijumaa usiku amefunga begi lake. Ametia hema, ametia blanketi, ametia mkate na tini mbili za samaki. Mpango wake ni mzuri: Jumamosi apande gari la Kisarawe, atembee msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, alale huko huko, Jumapili azungukie Kibaha aone Ruvu, jioni awe nyumbani. Alfajiri anaamshwa na bati. Si mvua ya kupita ile. Ni ile inayoanza kwa upepo, halafu inapiga bati mpaka mtu na mkewe hawasikilizani. Simu inaita. Wenzake katika kundi wanaandika neno moja tu: tuahirishe. Mtunza mchango anaulizwa kama hela zitarudi, na yeye, kama watunza michango wote wa nchi hii, ananyamaza.

Mimi nasema asiahirishe. Lakini kabla hujanikatia redio, nisikilize.

Vijana wa Ulaya wana desturi ya kuzunguka miji yao na begi mgongoni, kulala katika hosteli za bei nafuu na kula kwa kubana. Miji hiyo ina mvua. Chukua Bergen, kule Norway. Mji ule hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa miji ya Ulaya yenye mvua nyingi kabisa. Hata hivyo watalii hawakauki. Mvua ikishuka, mwenye begi anaingia makumbusho, anaingia soko la samaki, anaingia mkahawa, anakaa na kikombe kimoja saa mbili. Mpango wa kupanda kilima umeharibika, ni kweli, ila siku haikuharibika. Mji umejengwa na watu waliokwisha kukubali kwamba kutanyesha.

Tusiidharau mvua yetu, kwanza. Wengi tunaamini London ni mji wa mvua kuliko Dar es Salaam. Hesabu haisemi hivyo. London hupata kama milimita 600 kwa mwaka. Dar es Salaam inapita 1,000, na Aprili peke yake huleta zaidi ya 200. Tofauti ni namna inavyonyesha. Ya London ni manyunyu ya siku nzima, yanakulowesha taratibu bila wewe kujua. Ya kwetu hushuka kwa saa mbili kama imetumwa, kisha jua linatoka, na barabara inafuka mvuke. Mwalimu Nyerere alizijua zote mbili. Alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akarudi, akaenda kufundisha shule ya Mtakatifu Francis pale Pugu mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU. Kutoka manyunyu ya Uskoti hadi gharika ya vilima vya Pugu, na kazi ya chama ikaendelea.

Watu wa nchi za kaskazini mwa Ulaya wana usemi wao, kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Nimeusikia mara nyingi na sijawahi kuukubali moja kwa moja. Usemi huo unamfaa mtu ambaye lami imemfikia mlangoni. Mpe koti zuri la mvua, mshushe kwenye barabara ya udongo inayoelekea ndani ya Kisarawe, pale bodaboda imekwama na dereva ameshika tairi kwa mikono miwili, halafu umuulize tena habari za nguo.

Lakini hao watu wa kaskazini tunawajua kwa jambo jingine, na liko Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha na Tanganyika mradi mmoja mkubwa pale Tumbi: shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 walikabidhi kila kitu kwa serikali yetu, na ndicho tunachokiita leo Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho kilichokua kikawa hospitali ya Tumbi, ambayo kila abiria wa Barabara ya Morogoro anaijua kwa jina, hasa kwa habari za ajali. Mwenye begi anapita Maili Moja, anapita Tumbi, hageuzi shingo. Kwake Kibaha ni mahali pa kununulia maji ya chupa basi likisimama. Na hapo pana historia nzima ya jinsi nchi changa ilivyojaribu kuunganisha elimu, kilimo na afya katika eneo moja, tena chini ya paa. Siku ya mvua ndiyo siku yake. Anayetaka kuona aombe ruhusa kwa adabu, maana ni shule na hospitali, watu wako kazini.

Haya, turudi nyuma zaidi. Kutembea na mzigo katika nchi hii hakukuanzishwa na watalii. Karne ya 19 njia za kati, kutoka Pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji, zilijaa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na frasila mbili hivi begani, yaani kilo zaidi ya 30, na juu yake mkeka, chungu na chakula chake. Wapagazi hao walikuwa na kalenda. Wengi waliteremka kuja Pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na wakafanya hesabu ya kurudi kwao kabla ya msimu wa kupanda. Masika waliyaachia masika.

Asiyetaka kuyaachia alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Alipokuwa Unguja alijua fika kwamba masika yanakaribia. Akaharakisha, na hakuwahi. Msafara wake wa mwisho ulitoka Bagamoyo Machi 1871, ukavuka Ruvu, ambayo wakati ule karibu na Pwani iliitwa Kingani, na mvua ikaukuta. Farasi wake wawili walikufa mapema. Punda wakafuata mmoja mmoja. Bonde la Mkata, mbele ya Morogoro, lilikuwa limegeuka bwawa, wakalivuka kwa tope na maji, na mwenyewe akaugua tumbo vibaya. Alikuwa na pesa, bunduki na hema bora kuliko lolote linalouzwa Kariakoo leo. Haraka ya gazeti haikuisogeza mvua hata siku moja.

Na wenyeji wa nchi hii tunayoizungumza, Wazaramo, waliiendea mvua kwa miguu. Uluguruni kuna pango la Kolelo, na zamani ikitokea ukame au njaa, wajumbe walifunga safari kutoka Uzaramo kwenda huko kuomba mvua na rutuba ya ardhi. Hebu pima, msikilizaji. Watu wanabeba posho yao, wanatembea siku kadhaa, wanavuka Ruvu, kwa sababu mvua haikuja. Wajukuu zao wako kwenye simu wanaandika tuahirishe kwa sababu imekuja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague Kisarawe na Kibaha pamoja, wakati mtu angeweza kusema hizi ni wilaya mbili tu za Mkoa wa Pwani zilizopakana. Mvua imezifunga pamoja kwa fundo ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam hawalioni, ingawa linawakwamisha kila mwaka.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, huko Kisarawe. Si vilima virefu, havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari, lakini ndivyo vilivyoinuka kuliko mji wote. Mvua ikinyesha kule juu, maji yanashuka Gongo la Mboto, yanapita Ukonga, Vingunguti, yanafika Jangwani, hatimaye yanaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Jangwani ndipo Barabara ya Morogoro inapolivuka bonde la mto huo. Na Barabara ya Morogoro ndiyo njia ya Kibaha. Umeona? Mvua iliyonyesha Kisarawe inamzuia mtu wa Kariakoo asifike Kibaha. Polisi wanafunga barabara, mabasi ya mwendokasi yanasimama, mji unakatika vipande viwili, na chanzo chake ni vilima ambavyo wengi hawajawahi kuvikanyaga. Desemba 2011 bonde hilo lilijaa kwa namna ambayo haikuwa imeonekana kwa miongo kadhaa. Makumi ya watu walikufa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ndio unaoyashika maji hayo kabla hayajawa mafuriko. Kila shina linalokatwa kwa ajili ya mkaa kule juu linaongeza kasi ya maji yanayofika Vingunguti. Hilo mwanafunzi wa darasa la sita anafundishwa. Kuliona kwa macho ni kitu kingine, na huwezi kuliona Agosti. Nenda Aprili. Simama mahali ambapo msitu umeshonana, uone maji yanavyodondoka kutoka jani hadi jani na kunywewa na ardhi. Kisha simama mahali palipofyekwa, uone maji mekundu yanavyokimbia na udongo. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini pametangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye komba wadogo wa usiku na yule mnyama mwenye pua ndefu, sengi, anayechakura majani makavu mchana kutwa. Dola hazihitajiki kuingia. Wewe ni raia, kiingilio chako ni cha shilingi.

Upande wa Kibaha habari ni ya mto mkubwa zaidi. Ruvu unashuka kutoka Uluguru, na pale Mlandizi upo mtambo wa Ruvu Juu unaosukuma maji kwenda mjini. Oktoba 2022 mvua zilichelewa, mto ukapungua, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, DAWASA, ikatangaza mgawo, na jiji zima likabeba madumu. Watu wale wale ambao Aprili hulalamika kwamba mvua imewaharibia sikukuu. Kisarawe penyewe, mji ulio kilimani na unaonyeshewa vizuri, ulihangaika na maji miaka mingi mpaka bomba la Ruvu lilipopandishwa kutoka Kibamba. Rais Magufuli aliuzindua mradi huo mwaka 2020. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani mvua nyingi ni sawa na maji bombani.

Basi huyu kijana wetu aende. Ila aende kwa akili, maana kuna mvua ya kutembelea na kuna mvua ya kukaa ndani. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, na kila siku hutoa utabiri. Wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ukisikia angalizo, chukua koti. Ukisikia tahadhari, fikiri mara mbili. Ukisikia tahadhari kubwa, kaa kwako, hata kama mchango umeshatoka. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani yetu, boti za Unguja zilisimama, na hakuna mtu mwenye akili aliyekwenda kupanda kilima siku hiyo.

Ndani ya msitu usiingie bila mwenyeji, iwe kiangazi au masika, na masika zaidi. Njia inageuka mfereji. Miti mikubwa iliyolowa mizizi huanguka bila kuaga. Siafu hutoka kwa majeshi. Na udongo wa vilima vile una kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, uliochimbwa pale tangu enzi za ukoloni. Ukilowa unateleza kuliko sabuni. Mashimo ya machimbo ya zamani, yale yenye popo, watu hupenda kukimbilia humo mvua ikiwakuta. Usikimbilie. Ni handaki la mgodi ulioachwa, hakuna anayekuhakikishia paa lake.

Hema nalo liache. Hema la masika ni adhabu. Tafuta nyumba ya wageni mjini Kisarawe au Mlandizi, ulale kitandani chini ya chandarua. Chandarua usikisahau. Kibaha ina kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, lakini mbu wa Ruvu hawajasoma taarifa yake.

Usafiri usikutishe sana. Gari za Kisarawe unazipata Gongo la Mboto, zinapita Pugu Kajiungeni na kupanda kilima kwa lami. Kibaha unafika kwa Barabara ya Morogoro, kama Jangwani pamekubali. Na sasa iko reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, yenye vituo Pugu, Soga na Ruvu. Treni inakupitisha juu ya mabonde yale yale yanayowazuia wenye magari. Dirisha la treni siku ya mvua, kuanzia Pugu hadi Ruvu, mashamba ya mihogo, mikorosho na miembe vikiwa vimeoshwa: nauli yake ni halali kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo jua haliwezi kukupa. Mvua ikikukuta kwenye kijiji cha njia ya Maneromango, utajibanza kwenye kibaraza cha duka. Hutakuwa peke yako. Atakuwapo mama na ndoo ya mihogo, mwanafunzi na daftari ndani ya mfuko, dereva wa bodaboda, na mzee mmoja ambaye kibaraza kile ni kama ofisi yake. Toa shikamoo. Utavutiwa kigoda, utaambiwa, sogea huku mgeni wangu, usilowe. Ndani ya nusu saa utaulizwa kwenu ni wapi, utapimwa kama una utani na Wazaramo, na kama wewe ni Mnyamwezi au Msukuma basi umekwisha, utataniwa mpaka mvua ikatike. Ukiwa na bahati atakuelekeza kwa mchongaji. Maneromango ni nchi ya wachongaji wa Kizaramo, na kule ndiko mwana hiti, kile kinyago cha mwali, kilikotoka kabla hakijaenda kukaa kwenye kabati za kioo za makumbusho ya Ulaya. Siku ya jua ungepita na begi lako umevaa miwani, mkono ukipunga, ukasema umeiona Kisarawe.

Sasa niseme na wenye mamlaka. Halmashauri za Kisarawe na Kibaha, pamoja na TFS, kwa miaka ya karibuni wamejitahidi kuwaita watu wa Dar es Salaam waje kutalii nyumbani. Nawapongeza. Lakini matangazo yote ni ya jua: anga la buluu, bwawa linameremeta, watu wamevaa kaptura. Mteja wao ana likizo Aprili. Wakimpokea kwa jua tu, watampokea mara chache sana kwa mwaka. Wanachohitaji si hoteli ya nyota tano. Ni banda lenye paa na benchi kila baada ya mwendo fulani msituni, ngazi za magogo kwenye miteremko ya udongo mweupe, mwongozaji anayepatikana kwa simu hata siku ya mvua, na choo kisichofurika. Waongeze chumba kimoja getini chenye ramani ya Msimbazi ukutani, kinachomwonyesha mtoto wa Vingunguti kwamba maji yaliyoingia chumbani kwao yalitokea hapa aliposimama. Na Kibaha ifungue historia yake ya mwaka 1963 kwa wageni, siku maalumu, kwa utaratibu unaojulikana, ili mtu asilazimike kubahatisha getini.

Hayo yote yanaweza kujengwa kuanzia Juni, mvua zikikatika, na yakawa tayari kabla ya vuli. Na wewe kijana mwenye begi, vaa viatu vya mpira, tia simu mahali pasipopenya maji, na umwambie mtunza mchango kwamba safari iko pale pale.